Mpira wa Krismasi Ukikataa Kushikana, Kagua Uzi

Novemba ikielekea ukingoni, hapa Nakuru hatukosi mteja anayeingia na kikapu cha masikitiko. Ndani mna mipira midogo ya kutundika kwenye mti, aliyoisugua kwa maji moto na sabuni jioni nzima, na bado inafumuka kama kiota cha ndege. Huuliza, "Nimekosea wapi?"

Mara nyingi hajakosea popote. Aliuziwa uzi usiotoka kwa kondoo.

Madukani uzi wowote wa kufuma sweta huitwa wulu, ilhali mwingi ni akriliki, nyuzi za kiwandani zinazotokana na mafuta ya petroli. Huo hautoi felti, yaani sufu iliyoshikana kwa kusuguliwa bila kufumwa. Unywele wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji moto na sabuni huyafanya yainuke, na ukisugua hung'ang'aniana yasiachane tena. Ndiyo maana sweta ya sufu halisi ikifuliwa vibaya hurudi hadi ikamtosha mtoto wa nasari. Akriliki haina magamba hayo, utaisugua hadi Pasaka.

Basi kabla ya kuloweka chochote, kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa koleo juu ya sinia la bati, uwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika ukiyafinya. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Kiache kipoe kwanza. Alama ya kidole changu haijafutika.

Sisi hununua sufu mbichi kwa wafugaji wa upande wa Molo. Ya kwanza niliifua kama jinzi, kwa kuipiga na kuikamua, nikatoka na zulia la kondoo mzima. Siku hizi tunailoweka tu, mafuta yake yatoke, bila kuikoroga.

Ukiwa na sufu safi, ng'oa mafungu mepesi, uyazungushie moja juu ya jingine kwa kukingamanisha. Chovya kwenye maji moto ya sabuni, kisha viringisha viganjani kwa mkono mwepesi kabisa, kama donge la chapati usilotaka liguse meza. Hapa ndipo wengi huharibu: wakibana mapema, mpira hupata mikunjo isiyozibika. Subiri ngozi ya juu ishike, ndipo uongeze nguvu. Baada ya dakika kumi hivi utausikia umekaza. Suuza kwa maji baridi, anika kivulini. Gramu 100 hutoa mipira kama 25 ya sentimita tatu.

Kwa nyota na malaika, njia rahisi ni sweta ya mitumba. Tafuta lebo inayosema ni sufu asilimia 100, ila uiache kama imeandikwa kwamba inafulika kwa mashine, kwani hiyo imetibiwa isirudi. Ichemshe, isugue, ikaushe. Kitambaa kitakaza hadi ukikate kwa mkasi bila kuchanika nyuzi. Kata vipande viwili vya umbo moja, vishone pembeni kwa mshono wa blanketi (ule unaozunguka ukingo), jaza mabaki ya sufu ndani. Kama jiko lako halitoshi sufuria kubwa, tuletee sweta tukuchemshie.

Sweta za kuchemsha tutapokea hadi tarehe 12 Desemba. Huchukua siku mbili au tatu kukauka, na mvua ya Nakuru haina kalenda.