Warekodi upya tu, ila watuambie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzetu wa Iringa aliyeandika kwamba bendi za roki zinazorekodi upya vibao vyao vya zamani na wasanii wapya ni matapeli watupu. Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, huu muziki nausikiliza tangu enzi za kanda, na kwa heshima zote ndugu yangu, hapo umemkamata mtu siye.

Tuanze na hela maana ndo chanzo cha yote. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, afu kuna masta, ile rekodi yenyewe iliyotoka studio. Utunzi kawaida una fungu la mtunzi, ila masta mara nyingi inabaki kwa kampuni iliyolipia studio, na mikataba ya miaka ya 70 na 80 ndo usiseme, vijana walikuwa wanasaini tu ili watoke. Matokeo yake jamaa katunga kibao kinapigwa dunia nzima, watu wa filamu au matangazo wakiitaka ile rekodi wanaenda kupatana bei na kampuni, yeye anasubiri asilimia zake. Akirekodi upya anakuwa na masta yake mkononi. Mikataba mingi inamfunga asifanye hivyo kwa miaka kadhaa, muda ukiisha yuko huru, ndo maana unaona wazee wanarudi studio na vitambi vyao.

Chukua Def Leppard, bendi ya roki ya Uingereza. Waligombana na kampuni yao kuhusu malipo ya mauzo ya mtandaoni, mwaka 2012 wakaingia studio wakarekodi upya Pour Some Sugar on Me na Rock of Ages, wakahangaika kutafuta ule ule mlio wa miaka ya 80 mpaka zikafanana kabisa, na mwimbaji wao Joe Elliott hakuficha, mwenyewe alisema ni za kughushi. Steve Clark aliyepiga gitaa kwenye zile za kwanza alishafariki 1991, nafasi yake anayo Vivian Campbell. Nyimbo zao za zamani zilikuja kuingia kwenye mitandao ya muziki Januari 2018 walipoelewana na kampuni. Sasa hapo tapeli ni nani?

Afu hili la kikosi kubadilika linatushangaza nini sisi Watanzania jamani? NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, watu wameingia na kutoka humo hadi hesabu imepotea. Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji, alitoka huko akaenda bendi ya Mlimani Park 1978, akaenda Safari Sound, akarudi tena Msondo, na kote huko watu walicheza wakafurahi. Hata Tancut Almasi ya hapo hapo kwenu Iringa ilikusanya wanamuziki kutoka bendi nyingine. Hakuna aliyesema ametapeliwa kwasababu ukumbini unamwona kabisa anayeimba ni fulani, fulani hayupo.

Na wakati mwingine toleo la pili ndo linakuwa wimbo wenyewe. Bendi ya Whitesnake walitoa Here I Go Again mwaka 1982 ikapita kawaida tu, 1987 mwimbaji wao David Coverdale akairekodi upya, kikosi kikiwa kimebadilika sana, ikashika namba moja Marekani. Ukimwambia mtu leo kwamba anayoijua siyo ya kwanza anakubishia mpaka povu. Mimi ile ya 1982 bado naipenda zaidi, ina kinanda cha taratibu kinachokufanya uamini jamaa kweli yuko peke yake kama anavyoimba, lakini hiyo ni mimi.

Kwahiyo mimi bendi siigombi. Ninayegombana naye ni anayetuuzia toleo jipya kwa sura ya zamani, na huyu mara nyingi wala siyo mwanamuziki. Kuna zile CD za vibao bora zilizokuwa zinauzwa bei ya kutupa, zilijaa sana huku kwetu, nyingine madereva wa malori walikuja nazo kupitia Tunduma. Mbele picha ya bendi ya 1975 wote wana nywele mpaka mabegani, unafika nyumbani unaweka, unasikia drams siyo zile, sauti imezeeka, ufunguo wa wimbo umeshushwa ili mzee afike zile noti za juu. Unageuza kasha, chini kabisa pembeni ya ile mistari ya msimbo wa bei, herufi ndogo kama mchanga, imeandikwa nyimbo zimerekodiwa upya na msanii mmoja au zaidi wa kikosi cha awali. Mmoja! Anaweza kuwa mpiga besi tu huyo. Siku hizi hata hayo maandishi hakuna, unatafuta wimbo kwenye simu unaletewa matoleo kibao jina moja, picha ile ile, na mwaka unaoonyeshwa ni wa hiyo albamu ya mkusanyiko, siyo wa kurekodiwa. Unakula bando kubahatisha.

Redio nazo zimo. Kuna stesheni moja siitaji, mtangazaji anapiga Don't Stop Believin' ya bendi ya Journey anasema hii hapa ya 1981 sauti ya Steve Perry, mwimbaji wao wa zamani, kumbe aliyeko hewani ni Arnel Pineda. Pineda ni Mfilipino, alikuwa anaimba huko Manila, Neal Schon mpiga gitaa wa Journey akamwona YouTube mwaka 2007 akamwita, mwaka uliofuata wakatoa albamu ya Revelation yenye CD nzima ya vibao vya zamani vilivyorekodiwa upya na yeye. Kijana anaimba bwana, na habari yake ni tamu kuliko uongo wa mtangazaji, sasa kwanini umnyime jina lake? Tena bendi yenyewe haikumficha, jina na sura yake vipo.

Taylor Swift siyo roki najua, msinishambulie, lakini masta zake zilipouzwa 2019 bila ridhaa yake alirekodi upya albamu nne kati ya 2021 na 2023 na kila moja kaandika Taylor's Version, yaani toleo la Taylor, kwenye jina, mtoto wa darasa la tatu anajua ipi ni ipi, na 2025 akazinunua zile za kwanza. Majirani zetu Zambia nao, bendi ya WITCH wa enzi za Zamrock, ile roki ya Zambia ya miaka ya 70, mwimbaji wao Jagari Chanda amerudi na vijana wa Ulaya nyuma yake wakatoa albamu ya Zango 2023, na hakuna anayedanganywa kwamba hicho ni kikosi cha miaka ya 70.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo, ukurasa wenu wa burudani mkitaja kibao cha zamani andikeni toleo la mwaka gani na nani kaimba, na watangazaji wanaosoma gazeti hili wafanye hivyo hivyo, sekunde tano haziwaui.

Na wewe ndugu yangu wa Iringa, ile CD ya bendi ya Anthrax ya 2004 unayosema unajuta kuinunua kwasababu John Bush anaimba nyimbo za mwimbaji aliyemtangulia, Joey Belladonna, jina la Bush lipo humo na nyimbo walizichagua mashabiki wenyewe kwa kura, hukuibiwa. Kama kweli huitaki mwanangu anapita Iringa wiki ijayo, atakupitia hapo Mlandege, taja bei.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya