Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Vitabu vya Watoto

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa, kwa kuwa ndilo lililotufunza zaidi mwaka huu. Hadithi za watoto zilipokusanywa, mimi mwenyewe nilikaa na kalamu nyekundu nikasahihisha. "Gombe" nikaifanya "ng'ombe", "mutu" ikawa "mtu", na jua la kijani nikaagiza lipakwe njano. Siku ya kugawa vitabu, binti mmoja alifungua chake, akakifunga, akanirudishia. "Hiki si changu." Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kamati imekubaliana kwamba kazi ya mtoto haiguswi. Anayeandika "gombe" ameshaisikia sauti na kuitafutia herufi; ng' itakuja. Tukitaka nakala safi, tunaiandika pembeni, mwenyewe akiwepo.

Kitabu chenyewe hakitaki makubwa. Karatasi moja ya A4 hukunjwa mara tatu, ikakunjuliwa, ikakatwa kwa mkasi katikati tu bila kufika kingoni, ikakunjwa upya. Unapata kurasa 8: jalada mbele na nyuma, 6 za hadithi. Zinatosha. Tulipowapa daftari zima, wengi waliishia ukurasa wa pili.

Tumeacha pia kuwaambia waandike kwanza, wachore baadaye. Wadogo wengi hadithi huwajia penseli ikiwa tayari inatembea. Mvulana mmoja alichora mlango. Ukurasa wa pili, mlango uleule, umefunguka kidogo. Wa tatu, giza totoro. Nikamuuliza kuna nini humo, akaniambia, "Si ufungue!" Wa nne ulikuwa na macho mawili. Maneno aliyaandika mwisho kabisa, na yalikuwa mawili: "Paka tu."

Kwa wasiojua kuandika bado, mzazi huandika anachosimuliwa. Hapa wazazi walitusumbua kuliko watoto, nasema kwa upendo. Mtoto anasema "akaenda, akaenda, akaenda", mzazi anaandika "akaenda" moja. Jamani, hizo tatu ndizo umbali wa safari! Ziandikeni zote.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi naomba tusinunue vifutio tena. Watoto walifuta kuliko walivyochora. Na anahitajika mwanachama anayejua kushona vitabu kwa uzi, maana pini za stepla zinawachoma vidole. Ajitokeze kabla hatujatawanyika.