Iquitos ianze na mto

Mhariri,

Wanaofundisha kuhusu Iquitos, mji wa Peru usiounganishwa na miji mingine mikubwa kwa barabara, waiache kwanza ramani ya barabara. Mtoto akiona mstari wa kwenda mji wa Nauta, kama kilomita 100, hudhani unafika Lima, mji mkuu. Unaishia Nauta, mtoni.

Tumieni sinia la udongo wa mfinyanzi. Chimbeni mito ya Marañón na Ucayali ikutane karibu na Nauta, izae Amazon. Mji ukae ukingoni, chini zaidi. Inueni sinia kidogo mno, la sivyo maji yatabomoa kingo: Iquitos ipo mita 100 hivi tu juu ya bahari, na Atlantiki ni zaidi ya kilomita 3,000. Nyumba za Belén, mtaa wa Iquitos, zipeni vijiti virefu. Mto hupanda mita kadhaa kila mwaka.

Mwalimu wa jiografia