Majibu ya utafiti yarudi wodini yalikotoka

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa safu yako ya afya alieleza wiki iliyopita kwamba wahudumu wengi wa hospitali zetu za wilaya bado wanatibu watoto kwa elimu waliyotoka nayo chuoni, na kwamba dawa ya tatizo hilo ni wao kujibidiisha kusoma majarida ya kitabibu. Mimi ni tabibu kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia katika wodi ya watoto mkoani Tanga. Sina ubishi na nusu ya kwanza ya kauli yake. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu inamtwisha kila mhudumu peke yake mzigo unaopaswa kubebwa na wengi, na kwa sababu nimeshuhudia jinsi utafiti uliosomwa nusu unavyoweza kumhatarisha mtoto kuliko utafiti ambao haukusomwa kabisa.

Nitatoa mfano mmoja ambao haukutoka mbali. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa uliofahamika kwa jina la FEAST, chini ya uongozi wa Profesa Kathryn Maitland, ukihusisha hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu hospitali yenyewe ilikuwa Teule, pale Muheza. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka. Mtoto anapoletwa akiwa na homa kali, amelegea au anapumua kwa shida, mikono na miguu imekuwa baridi, na ukibonyeza ukucha wake damu inachelewa kurudi, je, kumpa maji mengi ya dripu kwa kasi ndani ya saa moja kunamsaidia? Sisi sote tulikuwa tumefundishwa kwamba kunamsaidia. Mwalimu wangu alitukaririsha kipimo hicho cha mililita 20 kwa kila kilo ya uzito hadi tukawa tunakitaja kama mtu anavyotaja jina lake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza kimepatikana wapi.

Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu: wengine walipewa kwa kasi maji ya chumvi, wengine albumini, yaani maji yenye protini ya damu, na wengine hawakupewa maji ya kasi bali yale ya kawaida ya kuwatunza, pamoja na dawa na matibabu mengine ambayo kila kundi lilipata. Ilikusudiwa wafike 3,600, lakini jopo la kusimamia usalama wa watoto hao lilipendekeza kazi isimamishwe Januari 2011 kabla idadi haijatimia. Katika saa 48 za mwanzo, watoto 10.6 kwa kila mia katika kundi la albumini walikuwa wamefariki, 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na 7.3 tu katika kundi ambalo halikupewa maji ya kasi. Kwa maneno mengine, kwa kila watoto mia tuliowatundikia maji kwa kasi kwa nia njema kabisa, watatu zaidi walipotea.

Naomba msomaji asilipite haraka jambo moja lililomo katika matokeo hayo, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo. Saa moja baada ya matibabu kuanza, waliopewa maji ya kasi ndio walioonekana kupata nafuu kwa wingi zaidi: dalili za mzunguko mbaya wa damu zilikuwa zimeondoka kwa watoto 43 kati ya mia, ilhali kwa wasiopewa zilikuwa zimeondoka kwa 32. Hiki ndicho tulichokuwa tukikiona wodini miaka yote. Mkono uliokuwa baridi unapata joto, mtoto anafumbua macho, mama anashukuru, na mimi naondoka kwenda kitanda cha pili nikiwa nimeridhika. Mtoto akifariki usiku wa manane, tunasema malaria ilikuwa imeshamtawala au wazazi walichelewa kumleta. Jicho la mtu mmoja, hata likiwa na uzoefu wa robo karne, lisingeweza kuwaona watoto watatu katika mia. Ilihitajika hesabu ya maelfu. Hata chanzo cha vifo hivyo hakikuwa kile ambacho wengi walikidhania. Wachambuzi waliporudi kwenye kumbukumbu za watoto wale na kuchapisha majibu mwaka 2013, walikuta kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi, si mapafu kujaa maji.

Matokeo makuu yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la Marekani. Mimi niliyapata mwaka 2014, kutoka kwa mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, tukiwa tunakunywa chai nyuma ya wodi. Aliponitajia Muheza nilidhani ananitania. Muheza ni mji ninaoupita kila ninapokwenda msibani au harusini kwa shemeji zangu, na habari iliyopatikana pale ilikuwa imezunguka dunia miaka mitatu kabla ya kunifikia mimi, jirani.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kesho yake, katika kikao cha asubuhi cha makabidhiano ya zamu, nilisimama na kutangaza kwa sentensi moja kwamba utafiti umeonyesha kuwa maji ya kasi yanaua watoto. Nilijiona mtu wa kisasa. Wiki chache baadaye nilifika kazini nikamkuta mtoto wa miezi kumi na minne aliyeletwa usiku akiwa ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama kabla ya kurudi. Dripu yake ilikuwa inadondoka tone moja moja, kama inayoona haya. Muuguzi wa zamu, mtu makini ambaye sina neno baya juu yake, alinijibu kwa unyenyekevu: “Dokta, si ulisema utafiti umekataza?” Tulimfungulia maji kwa kasi kama unavyoagiza Mpango C, yaani utaratibu wa kumtibu mtoto aliyekaukiwa maji vibaya kwa kuharisha, na kufikia adhuhuri alikuwa anapokea maji ya ORS kwa kijiko kutoka kwa bibi yake. Alipona. Lakini kama asingepona, sababu ingekuwa sentensi yangu.

Utafiti ule ulikuwa umewatenga tangu mwanzo watoto wenye kuhara na kutapika kulikowakausha, pamoja na wenye utapiamlo mkali. Jambo hilo limeandikwa waziwazi katika maelezo yao, ila halimo katika sentensi fupi ambayo mtu huibeba kutoka kwenye meza ya chai. Ndiyo maana sikubaliani na mwandishi wako anaposema kwamba tatizo ni uvivu wa kusoma. Tabibu mwenye wagonjwa arobaini wodini na muuguzi mmoja wa usiku hatafungua jarida la kurasa kumi na tatu la Kiingereza cha kitakwimu, hata kama mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 umezifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida mengi bila malipo. Mlango uko wazi, ni kweli. Muda wa kuingia ndio haupo, na akiingia, hapati wa kumuuliza.

Kuna sababu nyingine ya majibu kuchelewa kufika wodini, ambayo naona haizungumzwi. Hospitali hiyohiyo ya Teule ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi tisa za Afrika vilivyolinganisha sindano ya artesuneti, dawa mpya ya malaria, na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Majibu yalitoka mwaka 2010: vifo vilikuwa 8.5 kwa mia kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umeshabadilika. Kwa suala la maji ya kasi, mwongozo uliorekebishwa wa huduma za dharura kwa watoto ulikuja mwaka 2016, ukieleza kwamba mtoto mwenye homa kali asipewe maji ya kasi kwa sababu ya dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu, na kwamba hata mwenye dalili zote tatu, yaani baridi ya mikono na miguu, ukucha unaochelewa kurudisha damu zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio, apewe kwa kiasi na kwa uangalizi. Wataalamu walikuwa na hoja zao za kubishania, sikatai. Lakini mimi naamini pia kwamba dawa mpya ina kiwanda, ina wakala, ina boksi lenye maelezo na semina yenye posho, ilhali habari ya kuacha kufanya jambo haina mtu wa kuiuza.

Wazazi nao hawakuachwa nyuma na mafunzo yetu ya zamani. Hadi leo hupita wiki chache tu kabla sijaulizwa na baba fulani, kwa sauti ya kujizuia: “Dokta, mwanangu amelazwa tangu asubuhi, mbona hajatundikiwa maji?” Sisi ndio tuliomfundisha kwamba chupa iliyotundikwa juu ya kitanda ndiyo ushahidi wa kutibiwa, na kumfundisha upya ni kazi ya gazeti kama hili kuliko yangu.

Mwandishi wako alisifu vidonge vya kuongeza damu, na hapo pia pana funzo la karibu. Huko Pemba, utafiti wa watoto zaidi ya 24,000 ulisimamisha utoaji wa madini ya chuma mwaka 2003 baada ya kuonekana kwamba, katika eneo lenye malaria nyingi, watoto waliopewa walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuugua vibaya kiasi cha kulazwa. Aliyeishia hapo angesema madini ya chuma ni sumu. Lakini miongoni mwa watoto wa Pemba waliochunguzwa kwa undani, wenye upungufu wa madini hayo na wa damu walinufaika, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu madini hayo unaruhusu yatolewe penye malaria mradi yaende sambamba na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Jibu moja, na masharti yake matatu.

Ninachoomba si kikubwa. Kila utafiti wa watoto unaofanyika katika hospitali ya Tanzania huwaomba wazazi ridhaa kwa lugha wanayoielewa. Basi na majibu yake yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yabandikwe katika wodi za watoto za wilaya zote na si ile iliyoshiriki peke yake. Ukurasa huo useme ni watoto gani waliochunguzwa, walifanyiwa nini, nini kilitokea, na ni watoto gani ambao majibu hayawahusu. Kamati za maadili zinazotoa vibali zina uwezo wa kuliweka sharti hilo kabla utafiti haujaanza, wakati fedha bado zipo. Kenya wana kijitabu cha Wizara ya Afya kinachoingia mfukoni mwa koti, kinachotolewa upya elimu inapobadilika. Ni cha Kiingereza, lakini nimekiona kikiwa kimechakaa kwa kushikwa, na kwangu hiyo ni sifa kuliko zote.

Kwetu, tangu yule mtoto wa miezi kumi na minne, tumejiwekea nusu saa kila Alhamisi kwenye benchi la nyuma ya wodi, ambapo mmoja huleta utafiti mmoja na wengine wana wajibu wa kumuuliza maswali hadi achoke. Mwaka 2021, majaribio yaliyohusisha hospitali ya Muhimbili yalipoonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo akiwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza atulie, vifo vya siku 28 za mwanzo hupungua kutoka 15.7 hadi 12.0 kwa mia, swali la kwanza lililoulizwa na muuguzi wetu lilikuwa: “Hao watoto walikuwa na kilo ngapi?” Walikuwa na kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8. Na swali la pili: “Na mama walilala wapi?” Walilala palepale, katika chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga, chenye vitanda vya mama, jambo ambalo sisi hatuna, na ambalo sasa tumeliandikia barua.

Pamoja na barua hii nimeambatisha ukurasa nilioutayarisha kuhusu maji ya dripu kwa mtoto mwenye homa kali, endapo mwandishi wako ataupatia nafasi katika safu yake. Ana ruhusa ya kurekebisha lugha yangu na kupunguza maneno apendavyo. Naomba tu mstari wa mwisho, unaosema kwamba haya hayamhusu mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji, usikatwe hata nafasi ikiwa finyu namna gani.

Wako mtiifu,
Tabibu, wodi ya watoto,
Tanga.