Msiziuze kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wenye mashine kuukuu za michezo stoo. Mimi ni mwanagenzi tu. Ninafufua mashine ya pinboli (mchezo wa kupiga gololi ya chuma ubaoni ili upate pointi) ya kampuni ya Gottlieb, iliyoundwa Chicago, Marekani, niliyoikuta hapa Ng'ambo ikisubiri mnunuzi wa chuma chakavu.

Ni ya zama za kabla ya kompyuta. Ukiinua ubao wa kuchezea unakuta rilei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme), koili (waya uliozungushwa ili uwe sumaku umeme ukipita) na msitu wa nyaya. Kila rilei ina platini zake, vile vidoti vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme. Zikichafuka, gololi inagonga lakini pointi hazipandi. Nazisugua kwa tupa nyembamba, moja moja, plagi ikiwa imechomolewa. Juzi kengele ikalia, watoto wa jirani wakajaa barazani!

Kila apitaye ananishauri nitie oili. Jamani, hapana. Vile vibawa vya kupigia gololi, ambavyo kampuni hiyohiyo ilivileta mwaka 1947, huvutwa na chuma kinachoingia ndani ya koili, nacho hufanya kazi kikavu. Oili hunasa vumbi, kikagoma.

La hatari zaidi ni umeme. Mashine za Marekani hutaka volti 120 hivi, wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha, umeiunguza.

Wazee wetu mliotengeneza simu za zamani na ishara za reli, rilei mnazijua kuliko mimi. Aliye tayari kunifundisha kusoma mchoro wa nyaya anijibu kupitia ukurasa huu. Chai na chapati ni juu yangu.

Fundi mwanagenzi,
Ng'ambo, Tabora