Nyuzi za Melissa na ukili wa bibi yako

Mwanangu Zuhura,

Asalaam alaykum mama. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, pale uliposema mikeka ya bibi ni mambo ya zamani na we sasa ni mtu wa grafiki na kompyuta, basi nikakumbuka kitu nilichokiona huku Queens, New York, mwaka 2024 na sijawahi kukuhadithia vizuri.

Siku hiyo sikuwa na kazi nikaingia MoMA PS1, jumba la sanaa, kulikuwa na maonyesho ya dada mmoja Mnavajo, wale wenyeji wa asili wa Marekani, anaitwa Melissa Cody, kazaliwa 1983, mtu wa Arizona. Wallahi nilidhani naangalia skrini za gemu za zamani, vimraba vidogovidogo, nyekundu kali, bluu, njano, kusogea nakuta ni sufu! Imefumwa kwa mkono, kazi aliyoirithi kwa mama yake na bibi yake, kaianza ana miaka mitano. Na hizo gemu kweli kakua nazo.

Zile rangi sasa zina habari nzito mwanangu. 1864 jeshi la Marekani liliwatoa Wanavajo kwao kwa nguvu, kondoo wameuliwa, mashamba yamechomwa, wakatembezwa mamia ya kilomita mpaka Bosque Redondo, kambi ya kuwazuilia kule New Mexico, hadi 1868 ndo wakaruhusiwa kurudi. Sufu ya kwao hakuna tena, wakawa wanafumua mablanketi ya kugawiwa wapate nyuzi, halafu zikaja nyuzi za kiwandani za Germantown kule Philadelphia, zimeshatiwa rangi zinawaka, wakazishika wakazifanya zao. Ndo mtindo anaoufuma Melissa mpaka leo. Mi siwezi kumsikiliza mtu aniambie hiyo si asili.

Kuna moja ya 2011 inaitwa Deep Brain Stimulation, baba yake alipatwa na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na hilo ni jina la yale matibabu ya kupitisha umeme kwenye ubongo. Nikamkumbuka babu yako mkono ulivokuwa unamtetemeka hata kikombe hakishiki, nikalia mwanangu.

Na siku hizi kazi nyingine anaipanga kwenye kompyuta inafumwa na mashine, ya mkono pia hajaiacha.

Jumamosi ukienda Wete kaa na bibi akuonyeshe anavyoanza ukili wa rangi mbili, pale mwanzo, mi ndo palinishinda. Nipigie video, mikono yake ionekane.

Mama yako