Wenye kuhifadhi picha za familia nyumbani, itazameni diski kabla ya kisanduku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumze na wenzangu ambao, kama mimi, wamechoka kuhangaika na picha za familia zilizotapakaa kwenye simu nne na flashi zisizo na vifuniko, na sasa wanafikiria kununua kile kisanduku cha kuhifadhia data kinachounganishwa na ruta ya nyumbani, ambacho mafundi hukiita NAS. Nimekitumia kifaa hicho hapa Tanga kwa miaka kadhaa, kimenifaa na kimeniliza, na ninaona fedha za watu wengi zikipotelea pasipostahili: mtu hujinyima apate kisanduku cha kifahari, kisha hukijaza diski yoyote aliyoikuta kwa bei nafuu, na mwisho habaki na kitu cha kununulia nakala ya tatu wala betri ya akiba.

Haja ya kuwa na hifadhi nyumbani ni ya kweli. Tangu Google ilipoacha kuhifadhi picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021, zile gigabaiti 15 za bure hujaa upesi katika nyumba yenye watoto na harusi. Aidha, mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilipokatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa, nilishindwa hata kumwonyesha mgeni picha ya mjukuu wangu, kwa kuwa picha ilikuwa ng'ambo nasi tuko barazani.

Nieleze sasa yaliyonikuta. Shemeji yangu anayefanya kazi Muscat aliniletea kisanduku kitupu chenye nafasi mbili za diski, nami nikaenda dukani kununua diski mbili za terabaiti 4 kila moja. Nilimuuliza kijana wa dukani kama kuna tofauti yoyote kati ya diski za kompyuta ya mezani na zile zilizoandikwa kuwa ni za NAS, ambazo bei yake ilikuwa juu kidogo. "Mzee wangu, diski ni diski," alinijibu, "hapo unalipia stika tu." Tulicheka, nikalipa, nikaondoka na zile za bei nafuu, zote mbili kutoka katoni moja, namba zake zikifuatana kama tiketi za kivuko.

Baada ya miezi 14 taa ya diski ya kwanza ikawa nyekundu. Nilinunua nyingine ya aina ileile, nikaichomeka, na kisanduku kikaanza kunakili upya kila kitu kutoka kwenye diski nzima kwenda kwenye mpya. Diski inayofaa, yenye uwezo wa kuandika megabaiti 150 kwa sekunde, ingeimaliza kazi hiyo kwa saa zisizozidi nane au kumi. Yangu ilifika siku ya pili ikiwa bado kwenye asilimia 61. Usiku huo umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya mwisho nilisikia mlio ambao hadi leo haujanitoka masikioni: tik, kimya cha sekunde mbili, tik, tik, kama mtu anayegonga ukucha kwenye bati. Pacha wa ile diski iliyokufa naye alikuwa anaaga. Video za harusi ya mpwa wangu zilipotea zote. Sauti ya marehemu mama, tuliyokuwa tumeihamisha kutoka kwenye kaseti, ilisalimika kwa sababu tu dada yangu anayeishi Mombasa, alipokuja kwetu wakati wa Idi, alijaza diski yake ya nje ili watoto wake wapate kuwaona binamu zao.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba jibu la yule kijana halikuwa sahihi. Diski ngumu huandika data kwenye njia nyembamba za duara juu ya sahani inayozunguka. Katika aina inayoitwa CMR, njia hizo hukaa kando kwa kando kama matuta ya shamba, na kila tuta hulimwa peke yake. Katika aina inayoitwa SMR, njia hulaliana kama makuti ya paa, ili data nyingi zaidi zienee kwenye sahani ileile na gharama ishuke. Aliyewahi kuezeka anajua taabu yake: ukitaka kubadili kuti moja lililo katikati ya paa, huna budi kwanza kuyainua yaliyolilalia, kisha kuyarudisha moja baada ya jingine. Diski ya SMR hufanya hivyo hivyo kila inapoamriwa kuandika upya katikati ya data iliyokwishapangwa, na ndiyo maana inapobebeshwa kazi ya kuandika mfululizo kwa saa nyingi, kama ile ya kunakili upya ndani ya NAS, kasi yake hushuka vibaya.

Mtu asidhani kwamba ni maduka yetu tu yasiyojali tofauti hii. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red za kati ya terabaiti 2 na 6, zilizokuwa zikiuzwa mahsusi kwa ajili ya NAS, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuambiwa. Baada ya malalamiko iligawa majina, hata sasa WD Red Plus na WD Red Pro ni CMR, ilhali jina WD Red likiwa peke yake bado lahitaji tahadhari. Diski za Seagate zinazoitwa IronWolf nazo ni CMR, lakini nyingi za Barracuda, ambazo ndizo zinazojaa katika maduka ya kompyuta, ni SMR. Sisemi kwamba SMR ni bidhaa mbovu. Kwa diski ya nje inayojazwa mara moja na kuwekwa kabatini inafaa kabisa, na mimi mwenyewe ninayo moja kwa kazi hiyo.

Jambo la pili la kuangaliwa dukani ni umri wa diski. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waandishi wa Heise, chombo cha habari za teknolojia nchini Ujerumani, waligundua kwamba diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi kwa makumi ya maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara kama mpya, huku rejesta yake ya kawaida ya saa ikiwa imerudishwa kwenye sifuri. Kilichowaumbua ni rejesta nyingine ya ndani zaidi, iitwayo FARM, ambayo haikuwa imeguswa. Ikiwa ujanja huo uliingia Ulaya, sioni sababu ya sisi kununua kwa macho yaliyofumbwa. Kabla ya kulipa, toa diski kwenye mfuko wake na utazame matundu ya skrubu ubavuni: diski mpya haina mikwaruzo ya bisibisi. Kisha omba ichomekwe kwenye kompyuta ya duka, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizotumika, ingawa sifuri peke yake si ushahidi, kwa kuwa rejesta ya kawaida yaweza kurudishwa nyuma kama tulivyoona. Mwaka mmoja una saa 8,760. Ukiona 26,000, ujue unauziwa diski iliyokesha miaka mitatu katika chumba cha seva cha mtu mwingine. Wala si dhambi kununua iliyotumika, ilimradi umeambiwa na bei imepungua. Tena usinunue mbili zinazofuatana namba kama nilivyofanya mimi. Chukua moja hapa na nyingine duka jingine, kwani zilizozaliwa pamoja zina tabia ya kuugua pamoja.

Kuhusu ukubwa, wengi hununua kupita mahitaji yao. Picha ya simu yenye megabaiti 3 ikizidishwa mara 100,000 haifiki hata theluthi moja ya terabaiti, na saa moja ya video ya kawaida ya simu hula gigabaiti 4 hadi 8. Familia isiyofanya biashara ya video itatosheka na terabaiti 4 kwa muda mrefu. (Usishtuke kompyuta ikikuambia ni 3.6: mtengenezaji huhesabu kwa kumi na Windows huhesabu kwa mbili, na hakuna aliyekuibia.) Kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika haina faida ya kutajika nyumbani, kwa maana waya wa mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde tu, ambazo hata diski ya mizunguko 5,400 huzimudu, nayo hupata joto kidogo na haina kelele, kwa joto la pwani hiyo si faida ndogo.

Kisanduku chenyewe sitakichambua sana. Chenye nafasi mbili kinatosha, chagua kutoka kwa mtengenezaji anayeendelea kutoa masasisho ya usalama, na hakikisha kinakubali diski unazoweza kuzipata hapa nchini. Mwaka 2025 kampuni ya Synology, inayotengeneza visanduku hivi, ilitoa modeli za Plus zilizozikataa diski za makampuni mengi hadi ilipolegeza sharti hilo mwezi Oktoba, na mtu aliyeagiza katikati ya kipindi hicho bila kusoma angejikuta na sanduku asiloweza kulijaza. Kikiwa na diski mbili, hutumia wati 15 hadi 20, yaani uniti zipatazo 12 kwa mwezi kikiwaka usiku na mchana.

Mahali ambapo watu hujidanganya, nami nilijidanganya, ni ile RAID ya kioo, ambapo diski mbili hubeba kitu kilekile. Mpango wa RAID ulielezwa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kazi isisimame diski moja inapokufa. Haumzuii mtoto kufuta folda: kilichofutwa kwenye diski ya kwanza hufutwa kwenye ya pili papo hapo. Haumzuii mwizi anayebeba kisanduku kizima, wala radi. Haukuwazuia pia wahalifu wa Deadbolt, ambao Januari 2022 walifunga kwa nywila data za wamiliki wa visanduku vya NAS vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa vimeachwa wazi kwenye intaneti na kudai malipo ili wazifungue. Kwa hiyo fundi akikuambia afungue mlango kwenye ruta ili uangalie picha ukiwa safarini, mwambie aache.

Ndiyo maana ningemshauri mwenye fedha ya kubanana aache RAID kabisa kuliko kukosa diski ya tatu inayokaa nyumba nyingine. Yangu iko Pongwe kwa mdogo wangu, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mimi huenda kuichukua, huichomeka usiku kucha, na kesho yake huirudisha. Fedha inayofuata iende kwenye betri ya akiba, ile UPS, na hapa pia kuna la kuangalia: si dakika ngapi itadumu, bali kama ina tundu la USB la kuzungumza na kisanduku, ili umeme ukikatika kijizime chenyewe kwa utaratibu. Nyingi za bei rahisi hazina tundu hilo.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo: waandike kwenye stakabadhi namba kamili ya modeli ya diski, kama ni CMR au SMR, na saa ilizokwisha kutumika. Hilo halihitaji sheria mpya wala mtaji. Mwezi uliopita nilirudi katika duka lilelile kununua diski, nikamkuta yule kijana, nikamsomesha habari ya makuti na matuta mpaka wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogea kusikiliza. Aliniandikia yote matatu kwa kalamu nyuma ya risiti, akagonga na muhuri.

Msomaji wako,
Raskazone, Tanga